Barua ina tarehe mbili

Nilifanya kazi ya masijala, yaani ofisi ya kupokea barua na kutunza majalada, kwa miaka 9, na miaka 4 ya mwisho nilikuwa masijala ya siri, kile chumba cha mlango wa chuma ambacho wenzetu wa idara nyingine walikipita wakinyoosha shingo. Humo ndani hakuna maajabu. Barua inaingia, unaigonga mhuri wa kupokelewa, unaiandika kwenye rejista, unaitafutia jalada lake, unaipa folio, yaani namba yake ndani ya jalada, unampelekea mkubwa. Ikirudi na dokezo, unafanya dokezo linavyosema. Ikirudi tupu, unaandika pembeni tarehe ya kumkumbusha, kisha unasubiri.

Aliyenifundisha kazi ni mama mmoja mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza alichukua barua iliyokuwa juu mezani, akaweka kidole kwenye tarehe ya mwandishi, kisha akakishusha mpaka kwenye mhuri wetu. “Mwanangu, kila barua ina tarehe mbili,” akaniambia. “Moja yake, moja yetu. Ukiona zimeachana sana, ujue hapo katikati pana maneno.”

Kazi nimeacha, lakini mazoea hayo hayajaniacha. Waziri akijiuzulu popote duniani, simu yangu hujaa ubishi: kafukuzwa, kajitoa mwenyewe, kaona mbali, kaogopa. Mimi natafuta tarehe. Jambo lenyewe lilianza lini, na barua imekuja lini? Hapo katikati ndipo utamwona kiongozi wa serikali alivyo, kuliko kwenye sababu zilizoandikwa ndani. Sababu huandikwa kwa adabu. Tarehe haina adabu.

Mfano ninaoupenda ni wa Cyrus Vance, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani chini ya Rais Carter. Aprili 1980 Wamarekani 53 walikuwa wanashikiliwa mateka Iran, na serikali ikaamua kutuma makomando kwenda kuwatoa. Uamuzi ulipitishwa kwenye kikao cha tarehe 11 Aprili, Vance akiwa mapumzikoni. Aliporudi alipinga, akasikilizwa, akashindwa. Tarehe 21 akamkabidhi rais barua ya kujiuzulu. Operesheni ilifanyika tarehe 24, ikaharibikia jangwani, wanajeshi 8 wakafa. Wananchi walitangaziwa kujiuzulu kwake tarehe 28.

Anayesoma tarehe 28 peke yake anaona waziri aliyekimbia meli ilipoanza kuzama. Tarehe 21 inasema habari nyingine kabisa: mtu ameondoka kabla ya matokeo, na alikwisha kumwambia rais wake kwamba ataondoka hata kama mateka watatoka salama. Na inasema jambo juu ya Carter pia. Jambo zito kama hilo liliamuliwa wakati mtu wa kulipinga hayupo chumbani. Alipokuja kulisema, lilikuwa limeshakuwa uamuzi, na uamuzi ukishakaa mezani watu huona haya kuurudia.

Nami nilipata kuwa na jalada la aina hiyo mikononi, ingawa halikuwa la taifa. Ofisi yetu ilikuwa na Naibu Mkurugenzi, mtu mpole, mwandiko wake mdogo kama wa dawa. Siku moja ikaingia barua yake ya mistari miwili, “Yah: Kujiuzulu”. Kabla sijaifunga vizuri ndani ya jalada, korido nzima ilikuwa na maelezo. Wengine walisema kapata kazi kwenye mashirika, wengine kiburi, wengine wakasema mke wake anaumwa. Mimi nilikuwa na jalada. Barua ilipewa folio 24. Nikarudi nyuma kurasa chache tu. Folio 14, dokezo lake: malipo ya mzabuni fulani yanasainiwa kabla kazi haijakaguliwa, naomba tusimamishe. Jibu la Mkurugenzi pembeni: “Nimeona.” Folio 19, miezi kadhaa baadaye, jambo lile lile, sasa na viambatanisho. Jibu: “Tuongee.” Folio 23 ilirudi tupu.

Aliyewahi kufanya kazi ofisini analijua hilo “Tuongee”. Ni kaburi lenye maua. Halikatai, halikubali, na halimpi mtu siku wala saa ya hayo mazungumzo. Mwandishi hubaki kusubiri kuitwa, na akiuliza ataonekana ana haraka.

Kwa hiyo ninaposikia kiongozi akisema ameshtushwa na kujiuzulu kwa msaidizi wake wa karibu, najiuliza folio 14 iko wapi. Mtu wa ngazi ya juu haamki asubuhi moja akaacha gari, ofisi na wasaidizi. Barua ya kujiuzulu hutanguliwa na maneno ambayo hayakupata sikio. Kama dokezo lile lilimpita kiongozi, kosa si la aliyeondoka. Na kama aliliona, akaandika “Nimeona”, basi huo mshtuko ni wa kamera.

Margaret Thatcher wa Uingereza ana jalada zuri sana kwa somo hili, kwa sababu ni kiongozi yuleyule kwa nyakati mbili. Tarehe 2 Aprili 1982 Argentina iliingiza majeshi visiwa vya Falkland, vilivyo chini ya Uingereza. Tarehe 5, siku 3 tu, Waziri wa Mambo ya Nje Lord Carrington akajiuzulu pamoja na wenzake wawili wa wizara hiyo. Alisema waziwazi kwamba wizara yake ndiyo iliyokuwa na dhamana ya sera ile, basi lazima mtu awajibike. Thatcher alijaribu kumzuia, akashindwa, akaikubali barua. Waziri wa Ulinzi naye alitaka kujiuzulu, huyo akakataliwa, kwa kuwa vita vilikuwa vinaanza. Ukiangalia tarehe hizo unaona serikali ambayo damu inazunguka mwilini. Kosa limetokea juu, limejibiwa juu, na kiongozi amebaki na nguvu za kufanya kazi iliyokuwa mbele yake.

Sasa geuza kurasa. Januari 1986, Michael Heseltine, Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, anasimama katikati ya kikao cha baraza la mawaziri na kutoka nje, akilalamika kwamba jambo lake halipewi nafasi ya kujadiliwa. Hiyo ni folio 14. Oktoba 1989, Waziri wa Fedha Nigel Lawson anajiuzulu kwa sababu ya mshauri binafsi wa Waziri Mkuu aliyekuwa akipingana hadharani na sera zake. Folio 19. Tarehe 1 Novemba 1990, Geoffrey Howe, waziri pekee aliyekuwa amebaki tangu baraza la kwanza la 1979 ukimwondoa Thatcher mwenyewe, naye anaandika barua. Mambo waliyogombania yalikuwa tofauti: helikopta, fedha, Ulaya. Malalamiko ya chini yake yalikuwa yaleyale, kwamba huyu mama hasikii tena. Howe alipotoa hotuba bungeni tarehe 13, sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya kusinzia, na ndiyo maana ilichoma. Wiki moja baadaye Heseltine, yuleyule wa folio 14, akamfanya Thatcher ashindwe kufikisha kura za kutosha duru ya kwanza ya kugombea uongozi wa chama chao. Tarehe 22 Thatcher akatangaza kung’atuka.

Watu husema Howe ndiye aliyemwangusha. Hapana. Howe aliandika folio 23. Mwanamke aliyejua kuipokea barua ya Carrington mwaka 1982 alikuwa amesahau kazi hiyo miaka 8 baadaye, na naamini madaraka marefu ndiyo humfanya mtu asahau. Kila anayeondoka huchukuliwa na wanaobaki kama ushahidi kwamba sasa tumebaki waaminifu watupu.

Jambo jingine ninalotazama ni barua imeelekezwa kwa nani. Hilo nalo ni ugonjwa wa masijala, nisameheni. Job Ndugai alipojiuzulu uspika wa Bunge la Tanzania tarehe 6 Januari 2022, baada ya msukosuko wa kauli zake juu ya mikopo ya serikali, tangazo lake lilisema barua ameipeleka kwa Katibu Mkuu wa chama chake, CCM. Wanasheria walibishana sana siku zile kama Spika anajiuzulu kwa chama au kwa Bunge. Mimi sikuwa na ubishi. Anwani ya barua inakwambia mwandishi anaamini mamlaka yake yametoka wapi. Katiba inaweza kusema lake. Mtu aliyebanwa huandika kwa yule anayemwogopa.

Na kuna yale majina mengine ya kujiuzulu. “Nakaa kando kupisha uchunguzi.” “Nastaafu kwa sababu za kiafya.” Kenya ilipoteza makamu wa rais wawili mwaka 1966: Oginga Odinga aliondoka Aprili kwa mgogoro wa wazi, na Joseph Murumbi aliyempokea hakumaliza hata mwaka, sababu rasmi ikiwa afya. Afya inaweza kuwa kweli, mimi si daktari wake. Lakini kiti kimoja kikiuguza watu wawili ndani ya miezi 8, mimi huanza kukikagua kiti.

Kwenye hili la kukaa kando, Kenya ina mafunzo ya kutosha kujaza kabati. John Githongo aliteuliwa mwaka 2003 kuwa katibu mkuu wa masuala ya utawala bora na maadili, kazi yake ikiwa kumwambia rais nani anaiba. Februari 2005 akajiuzulu akiwa London. Mwaka uliofuata taarifa zake juu ya sakata la ufisadi la mikataba ya Anglo Leasing zikatoka hadharani, na mawaziri wakaanza kuachia nafasi. Kiraitu Murungi na George Saitoti walikaa kando Februari 2006, Saitoti kwa sakata jingine la ufisadi, la Goldenberg. Novemba mwaka huohuo wote wawili walirudishwa barazani. Sisemi walikuwa na hatia. Hakuna aliyewatia hatiani. Ninachokitazama ni huyu aliyeondoka kwanza. Mtu aliajiriwa ili kumnong’oneza bosi, na ikabidi avuke bahari ndipo anong’one kwa sauti ya kusikika. Hapo huhitaji mchambuzi.

(Amos Kimunya naye, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alisema afadhali afe kuliko ajiuzulu. Ilikuwa 2008, kwa sakata la uuzaji wa hoteli ya Grand Regency. Hakufa. Alikaa kando Julai, na Januari 2009 alirudi barazani katika wizara nyingine. Sentensi za namna ile zisitamkwe mbele ya waandishi wa habari.)

Kuna barua ambazo humpa kiongozi sifa, na hizi husahaulika upesi kwa sababu hazina kelele. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani Tanzania. Watuhumiwa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga na Mwanza. Mwinyi hakumpiga mtu, hakuwepo, na hakuna aliyesema aliagiza. Akajiuzulu kwa sababu wizara ilikuwa yake. Nyerere akakubali. Kisha Mwinyi akapelekwa Misri kuwa balozi, baadaye akarudi serikalini, 1984 akawa Rais wa Zanzibar na 1985 Rais wa Muungano.

Wengi huisimulia habari hii kumsifu Mwinyi, na anastahili. Mimi huwa namtazama aliyeipokea barua. Nyerere mwenyewe alikwishajiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, wiki 6 tu baada ya uhuru, akamwachia Rashidi Kawawa ili yeye akajenge chama. Labda ndiyo maana hakuiona barua kama usaliti. Aliacha mlango ambao mtu anaweza kuutoka bila kuchomwa moto nyuma. Kiongozi wa namna hiyo hupata watu wanaosema mapema, kwa sababu gharama ya kuondoka inabebeka. Lakini pale ambapo kujiuzulu maana yake ni kupokonywa hati ya kusafiria, biashara ya shemeji kufungwa na jina kutukanwa redioni, nani ataandika? Atakaa, atasaini, atanenepa, na siku serikali ikianguka atasema alikuwa anapinga kimoyomoyo.

Ndiyo maana sishangilii serikali isiyojiuzulu mtu. Nawasikia wasemaji wakiitaja kama tuzo: baraza letu ni moja, limetulia. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Naibu wetu alipoondoka, jalada lililofuata nililifungua mimi. Mwaka mzima lilipata folio za kawaida, mialiko, likizo, taarifa za robo mwaka. Madokezo ya kupinga jambo lolote hayakuwamo hata moja. Mkurugenzi alisema kwenye kikao cha wafanyakazi kwamba ofisi sasa ina umoja. Mimi nilikuwa nimeshika huo umoja mkononi, ulikuwa mwembamba kama daftari la darasa la kwanza.

Idadi nayo hunidanganya kidogo, nakiri. Septemba 2008 Thabo Mbeki alipoondolewa na chama chake Afrika Kusini, Naibu Rais na mawaziri 10 waliwasilisha barua, Trevor Manuel wa fedha akiwamo, na thamani ya randi ikayumba papo hapo. Kumbe Manuel alikuwa tayari kuendelea chini ya rais mpya. Alikuwa anarudisha tu kalamu ya aliyemteua. Barua nyingi, ugomvi kidogo. Julai 2022 kwa Boris Johnson, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, ilikuwa kinyume. Tarehe 5 jioni mawaziri wake Sajid Javid na Rishi Sunak waliachia ngazi wakipishana dakika chache, na kufika tarehe 7 waliojiuzulu serikalini walishapita 50. Michelle Donelan alikuwa Waziri wa Elimu kwa siku zisizofika 2. Pale hapakuwa na haja ya kuhesabu. Ilitosha kuona kwamba waliosimama juzi kumtetea kwenye televisheni walikuwa wamepewa maelezo ambayo kesho yake yaligeuka. Mtu huvumilia bosi mkali, bosi mvivu, hata bosi mjinga. Kumfanya aonekane mwongo mbele ya mama yake mzazi, hapo ndipo kalamu hutoka mfukoni.

Nataka niseme kidogo juu ya Edward Lowassa kwa sababu nimeulizwa mara nyingi. Alijiuzulu uwaziri mkuu tarehe 7 Februari 2008, siku moja baada ya kamati teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe kuwasilisha ripoti ya mkataba wa umeme wa Richmond. Yeye alilalamika kwamba kamati haikumwita kumhoji, na lalamiko hilo nadhani lilistahili jibu bora kuliko lililopata. Mawaziri wawili wakamfuata, Rais Kikwete akavunja baraza, Mizengo Pinda akateuliwa. Kati ya ripoti na kujiuzulu, siku 1. Kati ya mkataba, wa 2006, na kujiuzulu, takriban miaka 2. Wengi wanaijadili hiyo siku moja. Mimi najadili ile miaka 2, ambamo ndani ya serikali yenyewe lazima kulikuwa na mtu na kalamu yake, anasubiri kuitwa waongee.

Sijamaliza habari ya Naibu wetu. Ile barua ya mistari miwili ilikuwa na tarehe mbili kama barua zote, na zilikuwa zimeachana siku 38. Niliamini Mkurugenzi aliifungia kwenye droo, nikamchukia kwa hilo muda mrefu. Baadaye sana katibu muhtasi wake alinieleza. Barua haikuwahi kufika kwenye droo. Naibu alikuja nayo mara nne, bahasha ya kaki mkononi, akakaa kwenye lile benchi la nje kusubiri nafasi ya kumkabidhi ana kwa ana. Mara nne akaambiwa mkubwa ana wageni, njoo mchana. Alikuwa akiinuka, anaikunjua suruali magotini, anaondoka na bahasha yake. Mara ya tano hakukaa. Aliiweka juu ya meza ya katibu muhtasi, akamuuliza kama anaweza kuipeleka masijala, na akamshukuru.